Usukani unacheza au gari linatangatanga? Kutafuta chanzo kwenye 4x4

Wenye magari ya 4x4 huja na lalamiko lilelile: "Fundi, usukani umelegea." Ukiwauliza maswali mawili matatu unagundua kwamba wanazungumzia magonjwa mawili tofauti. Mmoja anageuza usukani kidogo na matairi hayaitiki. Katikati kuna nafasi tupu. Mwingine hana nafasi hiyo, usukani wake umeshika vizuri, ila gari halikai kwenye mstari. Kila baada ya mita chache lazima alirudishe, kama mtu anayeswaga mbuzi njiani. Wa kwanza usukani wake una mchezo. Wa pili gari lake linatangatanga. Gari laweza kuwa na mchezo mkubwa na bado likaenda moja kwa moja, na laweza kutangatanga bila hata milimita moja ya mchezo.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anasikia gari linatangatanga, anakimbilia kukaza skrubu ya boksi la usukani (sanduku la gia linalopokea mzunguko wa usukani), kisha ananunua shokapu mpya ya usukani, na tatizo liko palepale. Boksi ndilo kitu cha mwisho kulaumiwa, na shokapu ya usukani karibu haihusiki kabisa.

Endesha kwanza

Tafuta barabara iliyonyooka, laini, isiyo na upepo mkali, uendeshe kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Shika usukani kwa vidole tu. Ukiubana kwa viganja, mikono yako itafanya kazi ya kurekebisha na hutasikia chochote.

Angalia gari linakwenda wapi likiachwa. Likienda upande mmoja tu kila mara, hilo ni kuvuta, na sababu zake ni za upande mmoja: tairi lenye upepo mdogo, breki inayong'ang'ania, kemba (mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje) ya upande mmoja iliyoharibika. Ukishuka, weka kiganja karibu na kila ringi. Ringi yenye breki iliyong'ang'ania itakuwa moto kuliko wenzake. Kumbuka pia kwamba barabara nyingi zina mgongo katikati ili maji yatiririke, kwa hiyo gari kuteremka polepole kuelekea ukingoni ni kawaida. Rudia jaribio upande wa pili wa mgongo kabla ya kulihukumu gari.

Likienda leo kushoto kesho kulia, bila mpangilio, huko ndiko kutangatanga kwenyewe. Fikiria kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi hugeukia, nitaueleza baadaye), tou (jinsi matairi ya mbele yanavyotazama ndani au nje) na matairi.

Ipo dalili ambayo madereva wachache huitaja lakini hunisaidia sana: gari linalokumbuka kona. Unakata kushoto, unanyoosha, na gari linaendelea kuvutia kushoto. Unakata kulia, linahamia kulia. Gari la namna hiyo halina kilicholegea. Kuna kitu kimekaza, na nitakirudia baadaye.

Mwisho, kanyaga mafuta kwa nguvu kiasi halafu achia ghafla. Kama gari linajisogeza upande mmoja unapokanyaga na upande wa pili unapoachia, usipoteze muda mbele. Nenda nyuma ya gari moja kwa moja.

Matairi, kabla ya spana yoyote

Gari likitoka porini ambako upepo ulipunguzwa hadi psi 18 au 20 kwa ajili ya mchanga, na dereva akasahau kuurudisha, litaelea barabarani kama mtumbwi. Nimewahi kuletewa gari lililokuwa tayari kufunguliwa ekseli, na dawa ikawa pampu ya upepo tu. Pima matairi yote manne yakiwa baridi, na yale mawili ya ekseli moja yalingane.

Kisha pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani na kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza kama msumeno, tou haiko sawa. Tairi lililolika bega moja tu linaonyesha kemba au beringi. Lililolika kwa mabonde mabonde linaonyesha kitu kinachotetema, mara nyingi shokapu zilizokufa au beringi iliyolegea.

Matairi ya matope yenye vitalu vikubwa huyumba kidogo hata yakiwa mapya, kwa sababu vitalu hujipinda kabla ya tairi lenyewe kugeuka. Matairi mapana nayo hupenda kufuata mifereji iliyochimbwa na malori. Kama gari lilianza kutangatanga siku ileile ulipobadilisha matairi, una jibu lako. Ukitaka uhakika zaidi, hamisha ya mbele nyuma, uendeshe tena. Tabia ikibadilika, chanzo ni matairi.

Mmoja usukanini, mmoja chini

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Hakihitaji kifaa chochote, na wengi hukiruka.

Gari libaki chini, limekanyaga kwa uzito wake wote, matairi yametazama mbele, breki ya mkono imevutwa na vizuizi viko kwenye matairi ya nyuma. Injini iwe inawaka, ili pampu ya usukani itoe nguvu halisi. Mwenzako akae kwenye kiti, augeuze usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, bila kusimama, kiasi cha kufanya matairi yaanze tu kutaka kusogea. Akimaliza nafasi tupu ya upande mmoja, arudi upande wa pili. Mweleze mapema kwamba asikate usukani mzima na asiguse gia, kwa sababu wewe uko chini.

Wakati huohuo mpime huo mchezo. Weka rula kwenye ukingo wa usukani na utazame unasogea kiasi gani kabla tairi halijaitika. Kwa magari mengi milimita 30 ndiyo mwisho. Gari lenye boksi huvumilia kidogo, lenye reki (rodi yenye meno badala ya boksi) linapaswa kuwa na mchezo mdogo sana.

Sasa fuata njia ya nguvu kutoka juu kwenda chini, kiungo kimoja kimoja. Macho hudanganya, hivyo tumia vidole: kidole kimoja kiguse kipande kimoja na kidole cha pili kiguse kipande kinachofuata, katikati kuwe na kiungo. Kama vipande viwili vinakwenda pamoja, hutasikia kitu. Kama kimoja kinatangulia, vidole vitakwambia kabla macho hayajaona.

Anza na shafti ya usukani inayotoka ndani ya gari. Ina krosi ndogo (kiungo chenye umbo la msalaba), na baadhi ya magari yana kiungo cha mpira. Krosi iliyokufa hutoa mlio mdogo wa "tik, tik" na huacha unga mwekundu wa kutu pembeni mwa kikombe chake. Huo unga wa kutu ni rafiki mkubwa wa mkaguzi: popote chuma kinaposuguana na chuma bila grisi, utauona.

Halafu boksi. Tazama shafti inayoingia na mkono wa pitmani unaotoka chini yake. Kama shafti inazunguka na pitmani imetulia, mchezo uko ndani ya boksi. Lakini kabla ya hapo tazama boksi zima dhidi ya chasisi. Boksi likisogea, bolti zimelegea au chasisi imepasuka. Kwenye magari ambayo boksi limefungwa ubavuni mwa chasisi, ufa huanzia kwenye matundu ya bolti na hujificha chini ya matope. Sugua kwa brashi ya waya, tia mwanga, tafuta mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Ukiupata, gari lisitembee hadi lichomelewe na mtu anayejua kuchomelea chasisi.

Kutoka pitmani inakuja draglinki, rodi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, kisha tairodi inayounganisha magurudumu mawili. Kila mwisho una tairodi endi yenye tufe ndani ya kikombe. Tufe la tairodi endi nzima hugeuka bila kuinuka. Ukiona linaruka juu au pembeni ndani ya kikombe kabla rodi haijasogea, limekwisha. Mpira wa vumbi uliochanika peke yake si kosa la leo, lakini ni kosa la mwezi ujao, kwa sababu mchanga na maji vimeshaingia.

Panhadi, mkosaji anayesahaulika

Kama gari lako lina ekseli nzima mbele (ekseli moja inayounganisha magurudumu mawili) na springi za koili, tulia hapa, kwa sababu hapa ndipo nimekuta majibu mengi kuliko kwingine.

Koili zinabeba uzito, lakini haziwezi kuizuia ekseli isiteleze kushoto na kulia. Kazi hiyo inafanywa na rodi moja inayokatiza chini ya gari, upande mmoja umefungwa kwenye chasisi na mwingine kwenye ekseli. Hiyo ndiyo panhadi. Sasa fikiria: boksi la usukani limefungwa kwenye chasisi, nalo linasukuma draglinki ili kugeuza matairi yaliyo kwenye ekseli. Kama panhadi ina mchezo, nguvu ya boksi kwanza inaisukuma ekseli nzima pembeni, na ekseli ikifika mwisho wa mchezo ndipo matairi yanaanza kugeuka. Dereva anasikia usukani umelegea, ilhali kila kiungo cha usukani ni kizima.

Kuna gari moja la namna hiyo ambalo sitalisahau. Lilikuwa limeshafungwa shokapu mpya ya usukani, tairodi endi zote mpya, na skrubu ya boksi ilikuwa imekazwa kiasi kwamba baada ya kona usukani haukurudi wenyewe. Bado lilikuwa linatangatanga, na mwenyewe alikuwa ameanza kuogopa kuliendesha na familia yake. Nililala chini, kijana wake akashika usukani. Kwenye ncha ya panhadi iliyo upande wa chasisi, kichwa cha bolti kilikuwa kimetulia tuli, huku bomba la rodi likienda na kurudi. Nilipotoa bolti, nikaona tundu la mabano limeliwa likawa na umbo la yai. Pembeni mwake washa ilikuwa imesugua duara linalong'aa kama sarafu mpya, na unga mwekundu ulikuwa umejaa ndani. Tuliondoa mabano yaliyolika, tukachomelea bamba lenye tundu la duara kamili, tukaweka bushi mpya na bolti mpya, na skrubu ya boksi nikairudisha ilipokuwa. Gari likanyooka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo tazama ncha zote mbili za panhadi, na usitazame mpira pekee. Tazama bolti dhidi ya tundu. Ukibadilisha bushi za mpira, ingiza bolti zikiwa legelege, shusha gari chini, litikise mara kadhaa lijikalie, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira utakaa umejipinda muda wote na utachanika mapema.

Kama gari limeinuliwa, simama mbele yake uangalie panhadi na draglinki kwa pamoja. Zinapaswa kulala kwa mwinuko mmoja, karibu sambamba. Moja ikilala na nyingine ikisimama, kila bonde litavuta usukani kivyake, kwa sababu ncha za rodi hizo mbili hupita njia tofauti sasipensheni inapopanda na kushuka.

Jeki na kanyagio la breki

Inua mbele, weka stendi imara chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde.

Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Kisha shika kushoto na kulia, ufanye vilevile. Mchezo wa kushoto na kulia pekee mara nyingi ni tairodi. Mchezo wa juu na chini ni beringi ya gurudumu, au ni kingpini na bolijointi zinazoshika nako (kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu).

Namna ya kuzitenganisha ni rahisi. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu huku wewe ukiendelea kutikisa. Breki hulifunga gurudumu na nako kuwa kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingpini au bolijointi.

Beringi za gurudumu kwenye ekseli nzima nyingi hukazwa kwa nati mbili zenye washa ya kufungia katikati. Land Cruiser nyingi za aina hii hutaka soketi ya milimita 54. Zikilegea, kaza kwa kufuata kitabu cha gari huku ukizungusha habu (kitovu cha gurudumu), na kama habu inakwaruza, usikaze chochote: fungua, safisha, tazama. Beringi iliyochimbika haiponi kwa kukazwa.

Kingpini za Land Cruiser za ekseli nzima, Patrol, Jimny na Defender zina kitu kimoja zinachofanana: zinapaswa kukazwa kiasi fulani makusudi. Kukaza huko huzuia tairi lisitikisike huku na huku. Kitabu cha gari hueleza nguvu ya kuligeuza nako kwa kulivuta kwa mizani ya springi, na unene wa shimu (vipande vyembamba vya chuma) ndio unaorekebisha. Kingpini iliyolegea hutoa gari linaloyumba polepole na kutetema ghafla likikanyaga bonde.

Kama kila kitu ni kizima na mchezo bado upo

Hapo sasa, baada ya vyote hivyo, boksi.

Boksi nyingi zina skrubu juu yenye nati ya kufungia. Skrubu hiyo husogeza gia ya ndani karibu na mwenzake. Meno hayo hubana zaidi matairi yakiwa yametazama mbele, kwa hiyo marekebisho hufanywa katika hali hiyo peke yake. Shikilia skrubu, legeza nati, kaza skrubu kwa robo ya mzunguko au pungufu, funga nati, kisha geuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Ukisikia pagumu katikati, umezidisha. Rudisha nyuma mara moja.

Boksi lililokazwa kupita kiasi ni baya kuliko lililolegea. Usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, gari litaanza kutangatanga kwa sababu mpya, na meno yatalika haraka. Kama robo ya mzunguko haikubadilisha kitu, boksi linahitaji kufunguliwa au kubadilishwa, na kuendelea kukaza ni kulimalizia.

Hakuna mchezo, lakini bado linatangatanga

Tazama baiskeli kwa ubavu. Uma wake haukusimama wima. Umelala nyuma kwa juu, na tairi hufuata nyuma ya mstari wa uma huo. Ndiyo maana mwendesha baiskeli anaweza kuachia usukani na bado akaenda moja kwa moja. Gari lina mlalo huohuo, unaitwa kasta. Magari ya ekseli nzima mara nyingi huwa na digrii chache tu, na zikipungua, usukani unakuwa mwepesi, hauna hamu ya kurudi katikati, na gari linatanga.

Kuinua gari ndiyo sababu kubwa ya kupotea kwa kasta. Kwenye ekseli ya koili inayoshikwa na radiasi amu (mikono inayotoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli), kuinua milimita 50 huizungusha ekseli na huweza kula takribani digrii 2, ambazo ni sehemu kubwa ya zote zilizokuwepo. Suluhisho ni bushi zenye tundu lililohama kutoka katikati, mabamba ya kurekebisha, au amu zilizotengenezwa kwa urefu huo. Kwenye springi za pleti huwekwa kabari kati ya springi na ekseli; kabari ziwe za chuma, kwa sababu za alumini hupasuka. Ukirudisha kasta kwa kuizungusha ekseli, tazama pia pembe ya krosi za propela ya mbele, maana ekseli ikizunguka difu nayo huinama.

Kuinua nyuma peke yake pia huondoa kasta mbele, kwa sababu gari zima huinamia pua. Mzigo mzito nyuma hufanya kinyume chake, lakini huondoa uzito kwenye matairi ya mbele, na dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na gari linaelea. Sogeza mzigo mbele kabla ya kufungua chochote.

Tou unaweza kuipima bila mashine. Weka alama ya chaki katikati ya meno ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, usawa wa katikati ya habu. Pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari mbele hadi alama zifike nyuma, usawa uleule, upime tena. Umbali wa mbele unapaswa kuwa sawa na wa nyuma au pungufu kwa milimita 1 hadi 3. Ukiwa mkubwa, matairi yanatazama nje, kila moja linataka kwenda kwake, na gari halitatulia kamwe.

Kwenye gari ambalo tairodi iko nyuma ya ekseli, kisiki kimoja chatosha kuleta hali hiyo. Rodi ikijikunja, ncha zake husogeleana, sehemu za nyuma za matairi huvutwa ndani, na za mbele hufunguka. Lala chini utazame tairodi kwa urefu wake kama unavyotazama ubao kujua umenyooka. Iliyopinda usiinyooshe, ibadilishe.

Sasa turudi kwa gari linalokumbuka kona. Matairi yanataka kurudi katikati lakini kuna kitu kinayazuia: krosi ya shafti iliyoshika kutu, tairodi endi mpya iliyo ngumu mno, kingpini zilizobanwa kupita kiasi, au boksi lililokazwa. Inua mbele, zima injini, ondoa draglinki kwenye nako, kisha geuza matairi kwa mikono. Yakiwa mazito au yanakwama mahali, tatizo liko upande wa magurudumu. Yakiwa mepesi, geuza usukani peke yake, na utasikia pagumu palipo.

Ekseli ya nyuma inapoendesha gari

Bushi za amu za nyuma zikichakaa, ekseli ya nyuma hugeuka kidogo kila unapokanyaga au kuachia mafuta. Gari linaendeshwa na nyuma, na wewe unapambana nalo mbele. Chomeka mtaimbo kati ya amu na mabano, tikisa. Kwenye springi za pleti tazama yubolti (bolti zenye umbo la U) na bolti ya katikati ya springi. Bolti hiyo ikikatika, ekseli huteleza mbele au nyuma upande mmoja, na gari hutembea kama mbwa, mgongo umekaa pembeni ya njia yake. Pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, upande wa kushoto na wa kulia. Tofauti kubwa ni ushahidi tosha.

Magari ya sasipensheni huru

Hapa kila gurudumu hupanda na kushuka kivyake, na hakuna panhadi wala kingpini, lakini kipimo cha mtu mmoja usukanini na mmoja chini ni kilekile. Tazama reki yenyewe: kama mwili wake unateleza kwenye mabano yake, bushi za reki zimekwisha. Kisha reki endi ndani ya mipira yake, halafu bushi za amu za chini.

Bolijointi ya chini ina ujanja wake. Springi ikiwa imekalia amu ya chini, weka jeki chini ya amu hiyo, karibu na gurudumu, ndipo utikise. Ukiinua gari kwa chasisi, springi huisukuma bolijointi na kuficha mchezo wake. Ikionyesha mchezo unaoonekana kwa macho, usilihamishe gari kwa kuliendesha. Ikichomoka, tairi hulala upande na usukani unakuwa hauna kazi.

Bolti za kurekebishia alaimenti (pembe za matairi) zenye duara lisilo sawa huteleza baada ya kishindo kikubwa. Alaimenti ikishapimwa, ziwekee mstari wa rangi kutoka kwenye bolti hadi kwenye mabano. Baada ya kila safari ngumu, mstari uliovunjika utakwambia zimesogea.

Shokapu ya usukani na ule mtetemo

Shokapu ya usukani hupunguza kishindo kinachorudi mkononi. Haishiki mstari. Ikifungwa juu ya viungo vilivyolegea, itaficha ugonjwa kwa muda, na ugonjwa ukirudi utakuwa umekomaa. Jambo moja la kuijua: baadhi ya zenye gesi husukuma upande mmoja zikiwa zimechoka au zimefungwa nje ya katikati yake. Ondoa bolti ya upande mmoja, endesha polepole mahali salama. Kuvuta kukiisha, ndiyo yenyewe.

Mtetemo mkali unaozuka ghafla ukikanyaga bonde, hadi usukani unataka kukuponyoka, ni wa ekseli nzima hasa. Punguza mwendo taratibu hadi usimame, usipambane na usukani kwa nguvu. Kisha rudia ukaguzi wote, ukianzia na panhadi, kingpini na uwiano wa matairi, kwa sababu mtetemo huo karibu kila mara hutokana na mchezo mdogo mdogo wa sehemu kadhaa uliokutana.

Ukishatengeneza

Kwanza ondoa mchezo wote, ndipo uende kwenye alaimenti. Ukipima tou na tairodi endi zinacheza, namba utakazopewa ni za siku hiyo tu. Baada ya kubadilisha chochote, endesha kilomita chache, rudi, pitisha spana kwenye kila bolti uliyoigusa, hasa za panhadi, pitmani na boksi. Pini za kufungia ziwe mpya, si zile za zamani zilizonyooshwa na koleo. Kisha rudia lile jaribio la barabarani, barabara ileile, mwendo uleule, usukani kwa vidole.